Mwenyewe Alibaki na Mama

Msusi alirudi kutoka uwanja wa ndege, akamkuta mumewe jikoni anamenya vitunguu. Ndiye mumewe huyohuyo ambaye msusi alikuwa ametoka kumsindikiza. Alikuwa amepaa kwenda ng'ambo, kwenye nyumba ya ukimya mlimani, kujitafuta. Alisema mpima ardhi kama yeye hawezi kupimia watu mipaka maisha yote na yake mwenyewe haijui.

Msusi akatua mkoba, akauliza kama mama amegeuzwa. Mama mkwe wake alikuwa na kiharusi, na asipogeuzwa mgongo unachubuka.

"Nimemgeuza, na mafuta nimempaka."

Hapo msusi akashtuka. Mumewe hakuwahi kumgusa mama yake tangu augue. Harufu, alisema, inamtibua. Akavuta kigoda, akamuuliza ni nani hasa.

Akajibu kuwa yeye ndiye mwenyewe. Asubuhi ile mama alipoanguka bafuni, mpima ardhi alifungua mlango, akamwona, akaurudisha taratibu, akaenda kazini. Yeye alibaki ndani, ameshika kichwa cha mama. Hakuwa na sauti ya kuita.

Kisu kilikuwa bado kinamenya vitunguu. Ni msusi aliyemkuta mama jioni ile, sakafu imelowa, na daktari alisema angefikishwa mapema angetembea. Mumewe alilia kuliko wote.

Siku zikaenda. Mwenyewe alifua mashuka, akamlisha mama uji kwa kijiko, naye mama kwa ile nusu ya mdomo iliyobaki akamwita mwanangu. Jirani alipopiga hodi kuuliza mwenyewe yupo, msusi alijibu yupo, akamkaribisha.

Mpima ardhi alirejea uso umenawiri, kapungua mwili, anaongea polepole kama anayemwaga maji asimwamshe mtoto. Alimpa mwenyewe mkono, akampisha mlangoni kama anavyopishwa mgeni. Alitangaza kuwa amejipata.

Msusi hakumwandalia hata maji. "Baba watoto, siku ile ulimwona mama?"

Mpima ardhi akafumba macho, akaweka kiganja kifuani.

"Nilimwona. Nililibeba hilo mpaka kule mlimani. Nimeshajisamehe, mke wangu."

Msusi akamgeukia mwenyewe, aliyesimama kando na beseni la maji ya vuguvugu. Mwenyewe akatikisa kichwa. Habari ya msamaha huo haikuwa imemfikia.

Jioni majirani walijaa sebuleni kusikiliza habari za mlima. Walisema mtu amebadilika kweli, safari imemfunza, na mmoja akamwomba awe anawafundisha kila wiki. Akakubali kwa unyenyekevu.

Katika chumba cha nyuma, msusi alishika shuka upande huu, mwenyewe upande ule. Wakahesabu pamoja, wakamgeuza mama.