Jina la Baba Mkwe

Tangu ashuke kwenye ndege iliyomtoa Jidda, Vuyelwa Mqikela alihisi nusu yake bado iko angani, inazunguka ikitafuta pa kutua. Nusu iliyofika ilitembea mitaa ya East London, mji wake wa Afrika Kusini, kama mtu aliyeamshwa kabla ya saa yake. Kwenye duka kubwa, milango inayojifungua yenyewe ilikataa kumfungukia. Alisimama pale hadi mtu mwingine alipotokea nyuma yake, ikafunguka, naye akapita kwa hisani ya mgeni. Alicheka peke yake. Miaka kumi na mmoja ya unesi ugenini, halafu unarudi kwenu hata mlango haukuoni.

Sasa hata kompyuta haimwoni.

"Si kwamba una rekodi mbaya, mama," alisema Lwandle, binti wa ofisi ya kupangisha nyumba. "Ingekuwa mbaya ningejua pa kuanzia. Wewe hupo kabisa. Hujakopa, hujalipa, hata simu ya mkataba huna. Miaka kumi na mmoja, hapa nchini ni kama hukuzaliwa."

"Nilikuwa nalipa kule."

"Kule hatukuoni, mama."

Vuyelwa akasema yuko tayari kutoa kodi ya miezi sita mbele. Wapi. Ofisi haikutaka kujua ana nini leo, ilitaka kujua jana alikuwa nani. Hii ilikuwa ofisi ya nne kumwambia hivyo, na zile tatu hazikumpa hata kiti.

Nyumba yenyewe ilikuwa mtaa wa Amalinda, ndogo tu, vyumba viwili na mlimau nje ya jiko. Jumanne alipopelekwa kuiona, alisimama kwenye chumba cha nyuma ambako jua la asubuhi huingia, akamwona mama mkwe wake, MaDlomo, amekaa kitandani na kikombe cha chai, jua limemlalia miguuni. Alimwona kweli, hata mkunjo wa leso yake. Kisha akapepesa macho, chumba kikawa kitupu.

MaDlomo alikuwa na miaka themanini na mitatu. Ndiye aliyemlelea Vuyelwa binti zake wawili hadi wakajitegemea. Nyumba ya familia kule Mdantsane iliuzwa na shemeji mmoja asiye na haya, mara tu baada ya mazishi ya baba yake, na tangu hapo bibi wa watu analala kwenye gereji ya mpwa wake, hamna dirisha, anakohoa tangu Juni. Kila wiki kwenye simu Vuyelwa alimwambia, "Vumilia Mama, nakuja kukutoa humo." Na sasa mpwa anataka gereji yake ifikapo Ijumaa. Amenunua gari.

"Njia iko moja," alisema Lwandle. "Nikithibitisha nyumba ya mwisho uliyoishi hapa, na mwenye nyumba yetu akikubali, nakupitisha." Aliashiria kwa kidevu kona ya chumba. Pale alikaa mwenye nyumba ya Amalinda, Bibi Tyhali, mkoba mapajani, macho ameyafumba. Huenda alikuwa amelala. "Uliishi wapi?"

"Mdantsane. Miaka kumi na tisa."

"Nyumba ya nani?"

"Ya baba mkwe. Marehemu."

"Safi. Nitamtafuta kwenye hati za manispaa. Jina lake?"

Jina alilijua. Alilisikia wanaume wakilitaja siku alipoolewa, na tangu siku hiyo halikupita kinywani mwake, si kwa hasira, si kwa mzaha, hata kaburini hakulitamka. Kwao mke wa mwana halitaji jina la baba wa mumewe, basi. Kule Jidda angeweza kulipiga kelele juu ya paa na hakuna ambaye angegeuka. Hakulitaja.

"Ni baba yake Sizwe," alisema.

"Sizwe ni nani?"

"Mume wangu. Naye marehemu."

"Pole, mama. Lakini nataka jina la kwenye hati."

"Yule mzee wa kina Mqikela. Mrefu. Alifanya kazi reli."

"Kina Mqikela Mdantsane wamejaa kama utitiri." Lwandle akamsogezea kalamu. "Basi liandike."

Mkono wa Vuyelwa ukaishika kalamu, ukakaa nayo juu ya karatasi. Aliuona mlimau. Aliona mwanga kwenye sakafu ya chumba cha nyuma. Herufi chache tu, na vyote vitakuwa vyake. Mkono haukushuka.

Uso wa Lwandle ulibadilika. Usimlaumu sana, alikulia kwenye maghorofa, na wiki iliyopita tu alikuwa ameletewa vyeti vya kughushi. "Miaka kumi na tisa ndani ya nyumba ya mtu, na jina lake hulijui."

"Nalijua."

"Litaje."

"Mpigie mama mkwe."

Lwandle akapiga, akaweka sauti ya wazi. Kikaanza kikohozi, kisha sauti ya MaDlomo: "Nani mwenzangu?"

"Naitwa Lwandle, mama, wa ofisi ya nyumba. Naomba jina la marehemu mumeo."

"Baba yake Sizwe."

"Jina lake hasa, mama."

"Wewe binti ni wa ukoo gani?"

"Samahani?"

"Nimekuuliza ukoo. Mtu aliyelelewa hanipigii simu mchana kweupe akataka nimwite mume wangu kama naita mbuzi. Mkwe wangu yupo hapo?"

"Yupo."

"Amelitaja?"

"Amekataa."

"Vizuri," alisema MaDlomo, akakata simu.

Kule konani mabega ya Bibi Tyhali yalikuwa yanatikisika. Kumbe hakulala. Alicheka hadi akafuta machozi kwa ncha ya kitambaa chake. "Mimi baba mkwe wangu alikuwa na mdomo mchafu, Mungu amrehemu," alisema. "Ana miaka arobaini kaburini. Sijamtaja." Akamgeukia Vuyelwa. "Nyumba unaitaka?"

"Naitaka hadi naiota, Mama."

"Na ulikuwa radhi uikose."

Vuyelwa akairudisha kalamu mezani.

"Mpe nyumba," Bibi Tyhali alimwambia Lwandle. "Kama anamheshimu mtu asiyemwona tena, mimi anayeniona kila mwezi atanidhulumu vipi?"

"Lakini Bibi, fomu haiwezi kubaki na pengo."

"Utalijaza hukohuko nyumbani, siku ya kuwapa funguo."

Ijumaa asubuhi gari la mizigo liliwashusha Amalinda na godoro, masanduku mawili na bati la biskuti ambalo MaDlomo hakumwachia mtu alibebe. Lwandle alikuwa ameshafika na funguo na fomu yake. Alifungua mlango. MaDlomo alifika kizingitini akasimama, hakuingia.

"Hajaambiwa," alisema. "Atatutafuta Mdantsane."

Vuyelwa alielewa. Kwa desturi yao ilitakiwa mwanamume wa ukoo aite roho ya mzee kwa jina na kumweleza kwamba wamehama. Sizwe hakuwepo tena, na yule shemeji wasingemwomba hata moto. Wanawake wawili walisimama mlangoni, jina liko vinywani mwao, na hakuna wa kulitoa.

MaDlomo akafungua bati. Akatoa kitambulisho cha zamani cha mumewe, kurasa zimelainika, akampa Lwandle. "Wewe si mkwe wetu. Soma. Kisha mwambie tuko wapi."

Binti alikitazama, akawatazama wao. "Mbuyiselo Mqikela," alisoma kwa aibu.

"Paza sauti, mwanangu. Masikio yake hayakuwa mazuri."

"Mbuyiselo Mqikela. Wako Amalinda, nyumba namba kumi na nne." Akawageukia. "Niseme ni nani na nani?"

"Sote wawili."

"MaDlomo yuko hapa. Na Vuyelwa, aliyekuwa mbali, amerudi."

Wanawake wote wawili walikuwa wameinamisha vichwa. Vuyelwa alilisikia jina likiingia jikoni, likapita chumba cha mbele hadi cha nyuma, na akahisi ile nusu yake ikishuka taratibu, ikakanyaga chini. Alilia waziwazi. Lwandle naye alipiga goti moja kizingitini, akaliandika jina kwenye fomu akiegemeza karatasi gotini.

Kisha MaDlomo akavua viatu, akaingia, akauliza dirisha lake liko upande gani.