Vifuko Visivyofika Ukingoni

Mpole alikuwa amegusa sahani zangu, na mtu asiniambie vingine.

Miezi mitano seli zangu za hamira zilikuwa na adabu. Zilizaliwa na protini mbovu, ile inayovipokea vifuko ukingoni mwa seli na kuvishikiza kwenye utando vimwage shehena yao nje. Kwenye ubaridi wa chumba chetu zinajikongoja, vifuko vikafika. Ukizipasha hadi digrii thelathini na saba, vifuko vinarundikana ndani. Nilizipachika protini niliyoitengeneza upya, na kila nilipozipasha chini ya darubini, vinukta vya kijani, ndivyo vifuko vyenyewe, vilikwenda moja kwa moja kwenye utando. Ijumaa ningeonyesha picha mbele ya jopo. Mkataba wangu ulitegemea hilo.

Jumatatu vikakwama. Jumanne vivyo hivyo.

Darubini ile tunaitumia wawili tu, mimi na yeye. Na Mpole haongei, anatabasamu, chai anakutengenezea bila kuombwa. Kimya kingi kina mshindo mkubwa. Jumanne hiyohiyo nikamwandikia mkuu wa maabara kwamba mwenzangu ananihujumu. Jumatano nikamfuma, sahani yangu mkononi.

“Weka chini! Nafasi yangu unaitaka, si useme!”

“Dada, ngoja. Nilichogusa mimi ni hita ya darubini, ile inayopasha sahani. Waya ulikatika, nikauunga Ijumaa iliyopita.”

“Acha uongo. Kioo cha hita siku zote kinaandika thelathini na saba.”

“Kinaandika ulichokiomba, si joto lenyewe. Uliwahi kuweka kipimajoto?”

Nikaitazama hita. Kipimajoto sikuwahi kukiweka.

“Na zile seli ambazo hukuzipachika protini yako, ulizipiga picha pia?”

Sikuwahi hata mara moja. Kila mtu anajua zinakwama, za nini kupoteza muda? Kumbe miezi mitano hita ilikuwa imekufa, nami nikizipigia makofi seli mbovu kwenye ubaridi. Protini yangu haikuwahi kufanya kazi. Nikakaa.

“Sasa mbona hukuniambia?” nikauliza, bado nikitafuta wa kulaumu.

“Nilikuwa napima kwanza. Huwezi kumwendea mwenzio na dhana tupu.”

Niliona aibu hadi masikio yakawaka moto. Simu ya ukutani ikalia, akaipokea.

“Mkuu ananiita,” akasema, akifunga vifungo vya koti lake jeupe. “Sijui kuna nini.”

“Kaa,” nikamwambia. “Naenda mimi.”