Lori Lililosimama

Mume wangu Gaudens hajawahi kulima hata mchicha, lakini ukimgusa kwenye habari ya bangi atakueleza udongo wake, mvua yake na faida zake mpaka chai ipoe. Ni mmea tu, atakuambia. Mungu kauotesha, binadamu ni nani aukataze? Kuna nchi zimeruhusu, watu wanavuta bustanini na polisi wanapita wanawasalimia. Bongo tu ndiyo tumebaki nyuma. Elimu hiyo yote aliipata kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, akiwa amekaa juu ya guta lake pale maegeshoni Kariakoo, akisubiri mzigo.

Guta lenyewe ni la injini, magurudumu matatu, linabeba chochote utakacholipakia. Mimi nauza ndoo na mabeseni barazani kwa Bwana Bhupendra, Mchafukoge, ng'ambo tu ya maegesho hayo. Kwa hiyo namwona mume wangu kutwa nzima, jambo ambalo wanawake wengine huliombea. Namwona anavyochomeka msokoto nyuma ya sikio kama fundi seremala na penseli yake. Namsikia anavyokohoa. Kikohozi chake nakijua: viwili vifupi, kimoja kirefu, halafu anasafisha koo kama mgombea anayetaka kuhutubia.

"Hizo nchi zako zina barabara pana," nilimwambia siku moja. "Wewe una Msimbazi mchana wa jua kali, na breki umefunga kwa mpira."

"Mama Joyceline, jani linatuliza," akanijibu. "Mtu aliyetulia hagongi."

Neno hilo lilipendwa sana maegeshoni. Aliyelipenda kuliko wote ni Ignasi, Mngoni mwenzake, rafiki yake tangu wanachunga mbuzi Peramiho. Ignasi alikuwa hata sigara havuti. Gaudens ndiye aliyemwonjesha, kwa upendo, kama mtu anavyomwonjesha mwenzake mboga ya kwao. Baada ya miezi michache Ignasi naye alikuwa msomi.

Basi Jumanne moja Ignasi, akiwa ametulia kabisa, alipakia vigae vya kupeleka Magomeni, akashika barabara, akalivaa lori kwa nyuma. Lori lilikuwa limeegeshwa. Injini imezimwa, matairi yamewekewa mawe. Dereva wake alikuwa upande wa pili anakula wali maharage, na kishindo kilipotokea alibaki na kijiko hewani. Mimi nilikimbia mpaka pale. Nilichokiona sikisimulii. Vigae vilikuwa vyeupe, na mpaka leo sipendi kuviona.

Msiba uliwekwa nyumbani kwa marehemu, Magomeni, na mume wangu akachaguliwa mwenyekiti wa kamati. Nani mwingine angefaa? Alilia kweli, sitamsingizia. Lakini alipomaliza kulia alianza kulisogeza lile lori.

Mchana lilikuwa limesimama. Jioni, kwa mdomo wa Gaudens, lilikuwa linarudi nyuma bila kupiga honi. Kesho yake asubuhi lilikuwa linakuja kwa kasi. Mjomba wa marehemu alipowasili kutoka Songea, alikuta lori limekatika breki tangu bandarini na dereva ametokomea. Wazee wakamlaani dereva yule kwa sauti moja. Dereva mwenyewe, maskini, alikuwa amekuja kutoa pole, amekaa kwenye benchi nyuma yao, anakula ubwabwa wa msiba na kuitikia "amina".

Angelina, mjane wa Ignasi, alikuwa ameketi ndani kwenye mkeka. Kila aliyeingia alimpa pole kwa ajili ya lori. Nilitaka kumwambia ukweli, lakini Gaudens alinivuta pembeni.

"Mwache mwenzetu azikwe na heshima zake," akasema.

"Heshima zake au zako?"

"Mama Joyceline, hapa ni msibani."

Nilikasirika. Lakini nilinyamaza, maana mke hamuumbui mumewe mbele ya jeneza la watu. Na nilichokuwa nakiogopa hakikuwa uongo wake. Nilikuwa naogopa kwamba ataamini. Akishaamini kwamba lori ndilo lililotembea, atarudi barabarani na msokoto wake, na mwenye kukaa kwenye mkeka safari ijayo nitakuwa mimi.

Kosa alilifanya mwenyewe. Alimwita Severa.

Severa ni mama wa Kihehe, anauza viazi vya Iringa sokoni, na hao akina Gaudens ndio waliokuwa wakimbebea magunia. Wahehe na Wangoni ni watani. Mababu zao walipigana mpaka wakachoka, wakaona kutukanana ni nafuu: Wangoni wanaitwa wakimbizi, kwa kuwa mababu zao walikuja wakikimbia vita vya kusini, na Wahehe wanaitwa wala mbwa. Msiba wa Mngoni bila Mhehe unapwaya: lazima aje mtani amuige marehemu, azuie jeneza, awasute wafiwa, na mtu yeyote haruhusiwi kukasirika. Anayekasirika ndiye anayeaibika. Gaudens alimwita ili achangamshe watu, maana mjomba alikuwa ameanza kuuliza maswali kuhusu hilo lori.

"Nasikia mkimbizi mmoja kapungua!" Severa alipaza sauti kabla hajafika kwenye turubai.

"Mla mbwa huyo!" wakaitikia Wangoni, na msiba wote ukapata uhai.

Aliomba kizibao cha Ignasi cha njano, kile cha kung'aa, akakivaa. Akachukua kiti cha plastiki akakishika mbele yake kama usukani. Akainamisha bega la kushoto, akaburuta mguu kidogo, na Mungu wangu, alikuwa Ignasi. Mama yake marehemu alipiga makofi huku machozi yanamtoka. "Ndiye! Ndiye huyo!"

"Sasa nataka lori," akasema Severa. Akazungusha macho. "Mwenyekiti! Wewe una tumbo la lori. Njoo."

Gaudens akainuka anacheka. Angefanyaje? Ni utani. Akakunja mikono kama anayeshika usukani, akaanza kumjia Severa kwa kishindo, ananguruma kwa mdomo.

"We! We! Nani kakutuma utembee?" Severa akamzuia. "Viazi vyangu vilikuwa vinashushwa palepale, niliona kwa macho haya. Simama. Zima injini. Mleteeni mawe, huyu lori wa kimbelembele atanitoroka."

Watu wakacheka. Wakaleta mawe mawili ya jikoni, wakayaweka kwenye visigino vya mume wangu. Akabaki pale katikati ya turubai, mikono imeshuka ubavuni, bado anatabasamu. Severa akachukua mwiko, akauweka mdomoni, akavuta moshi usiokuwepo, macho yakalegea.

"Mtu aliyetulia," akasema kwa sauti ya Ignasi, taratibu, "hagongi."

Kisha akakimbia na kiti chake moja kwa moja mpaka tumboni kwa Gaudens, akaanguka chali, miguu juu. Turubai lilitikisika kwa vicheko. Mimi nilicheka mpaka kilemba kikanidondoka, na kicheko hicho kiliniuma kifuani.

Severa hakuinuka. Alimwangalia lori kutoka pale chini. "Lori, mbona umemgonga mwenzio?"

Gaudens alifungua mdomo.

"Lilikuwa limesimama," ikasema sauti mlangoni.

Ilikuwa sauti ya Angelina. Alikuwa ametoka ndani bila sisi kumwona. Alisema huku anacheka, akarudia, "Lilikuwa limesimama jamani," na mara ya pili hakikuwa kicheko tena. Wanawake wakamdaka. Mjomba wa Songea aligeuka polepole akamtazama yule dereva kwenye benchi, kisha akasogea kumpa nafasi akae kando yake.

Jeneza lilipotolewa, Severa alilala kizingitini. "Hapiti mtu. Mzigo wa lori haujakaguliwa."

Gaudens alimwekea noti kifuani, kama ilivyo desturi. Severa akaipuliza ikadondoka. "Nimesema mzigo. Mfuko wa shati."

Katekista akaangalia saa. Wabebaji wakabadilisha mabega. Gaudens alicheka kwanza, akabembeleza, akatazama kushoto na kulia kama kuna mtu wa kumkasirikia kwa niaba yake. Hakuna. Mwisho akaingiza vidole mfukoni, akatoa kikaratasi chake cha bangi kilichokunjwa, mbele ya mama yake mzazi, mkwe wangu. Severa alikitia kwenye mfuko wa kizibao cha njano, akakitandika kizibao juu ya jeneza.

"Nendeni nacho," akasema. "Rafiki asisafiri peke yake."

Watu walishangilia. Nami nilimshukuru Mungu, mapema mno.

Hazikupita hata wiki mbili, penseli ya seremala ikarudi nyuma ya sikio. "Yule mwanamke anachekesha sana," Gaudens aliwaambia wenzake, "lakini utani ni utani." Tena alikuwa amepata somo jipya. Kumbe kilichomuua Ignasi ni marufuku! Jani lingekuwa halali, lingeuzwa dukani limepimwa, na Ignasi angevuta lile zuri.

"Angeliona lori?" nikamuuliza.

"Usichanganye mambo."

Asubuhi moja Severa alikuja maegeshoni na kigoda chake, akakaa kumkabili mume wangu, mikono magotini. Alimwangalia tu, kama mtu anayeangalia mahindi yasiungue.

"Vipi mtani, umenipenda?" akauliza Gaudens.

"Nimpende mkimbizi? Nasomea."

"Unasomea nini?"

"Wewe. Ignasi alinishtukiza, nikamwiga kwa kubahatisha, hata bega sijui kama nilipatia. Kwako sitaki aibu. Hebu panda tena nione mguu gani unatangulia."

Maegesho yote yakaangua kicheko. Gaudens naye akacheka, akapanda, akashuka, akapanda tena. Kesho yake Severa akaja, na keshokutwa. Alimuuliza akikasirika anafanyaje. Alimuuliza akichoka anashika kiuno au shingo. Alivuka mpaka kwenye meza yangu akaniuliza, kwa upole kabisa, kama mume wangu angependa kuzikwa na viatu. Gaudens alizidi kucheka kwa sauti, ila mikono yake ilianza kusitasita, kama mtu aliyeambiwa anatembea vibaya.

Halafu ikawa Jumamosi, soko limejaa. Gaudens alikuwa amepakia vigae. Nilikataa kuangalia. Nilimpa mgongo, nikawa napanga mabeseni, nasikia injini ya guta lake ikinguruma kule nyuma. Na juu ya injini nikasikia kikohozi: viwili vifupi, kimoja kirefu, halafu koo likasafishwa.

"Gaudens!" nikaita, nikageuka kwa hasira, niko tayari kumtukana mbele za watu.

Alikuwa Severa. Amesimama karibu na mabeseni yangu, mkono umeinuliwa nyuma ya sikio, shingo imelalia upande kama ya mume wangu, midomo imebinywa kama yake. Nilijua ni Severa. Lakini nililia palepale kama walivyolia kwa Ignasi, kwa sauti, nimeshika beseni kifuani, na sikuweza kujizuia.

Nilipoinua macho, Gaudens alikuwa ananitazama kutoka juu ya guta. Alimtazama yule mtu aliyekuwa yeye, kisha akanitazama mimi ninavyolia.

"Nimepatia?" akauliza Severa.

Hata waliozoea kucheka walisahau.

"Umepatia," nikamjibu.

Gaudens akazima injini.