Njia Tatu za Kuacha Kazi

Daphrose alikuwa anachambua maharage kwenye jiko la kampuni, karibu na lango la bandari, wakati mume wake Adrien alipoingia na kukaa benchi la nyuma, kati ya wapakiaji waliokuwa wakisomea humo. Alikuwa amevaa ile suti ya harusi waliyomzika nayo, na rozari ambayo Daphrose alimfunga vidoleni kwa mkono wake mwenyewe ilikuwa bado imefungwa vilevile. Vumbi la simenti lilikuwa limemkaa kwenye nywele. Walimwosha hospitalini, wakamwosha tena nyumbani, na halikutoka.

"Umechelewa, Adrien," alisema mwalimu Fabrice. "Keti. Tuko kwenye mshahara."

Masomo hayo ya Kiingereza yalianza Adrien akiwa hai. Bwana Valéry, mkuu wa wafanyakazi, aliwakusanya wapakiaji akawaambia kwamba siku hizi wateja wanatoka ng'ambo ya ziwa, Kifaransa hawakijui, na kila anayetaka kubaki ajue maneno ya kazi kwa Kiingereza. Asiyemaliza masomo atatolewa. Adrien alikuwa mtu wa kutii, akajiandikisha mbele ya wote. Halafu kamba ya kreni ikakatika, mifuko ya simenti ikamwangukia, na kampuni ikaleta jeneza na mfuko wa sukari.

"Salary ni ya mwezi," alisema Fabrice akiandika ubaoni. "Wage ni ya siku."

"Na ile yenye haifikake inaitwa namna gani, mwalimu?" aliuliza Shakuru, mpakiaji wa mtaa wa Bwiza ambaye kukaa kimya kulikuwa kunamuumiza.

"Hiyo haiko mu programme."

Watu wakacheka. Adrien hakucheka, alikuwa anaandika. Shakuru akamgeukia.

"Na we, Adrien, uko unatafuta nini hapa? Huko juu wanaongea Kiingereza?"

"Juu sijafika," alisema Adrien. "Mi niko na masomo."

Daphrose alimpakulia ugali wa bugari na dagaa wa ndagala kama wengine. Adrien akaisogeza sahani kwa jirani yake, akaendelea kuandika. Jioni walirudi pamoja Bwiza kwa miguu. Akakaa mlangoni na binti yao Orlane, mtoto akimuuliza maneno, baba akiyajibu: overtime, promotion, deadline.

Daphrose hakushangaa. Kilio kilikuwa hakijaondolewa. Alikuwa bado hajafanya sherehe ya kuganduka, ya kumaliza msiba, maana kukusanya watu kunataka vinywaji, na vinywaji vinataka pesa. Mtu ambaye hajagandukiwa anakaa karibu, hilo linajulikana. Lililomuuma ni jingine. Siku ya mazishi alishikilia neno moja tu: sasa atapumzika. Katika ndoa yao yote hakuwahi kumwona Adrien amepumzika, hata siku ya ubatizo wa Orlane alikuja kanisani na vumbi la magunia. Na sasa, akiwa amekufa, alikuwa anaamka kabla yake kwenda kazini.

Maana masomo yalipoisha, Adrien aliyamaliza vizuri, na Bwana Valéry akamrudisha kazini. Alimwita Daphrose ofisini kumwambia mwenyewe.

"Félicitations, Mama Orlane. Mume wako amepata promotion. Ni supervisor."

"Mungu asifiwe, chef. Na mushahara?"

"Uko. Unaingia banki."

Benki walimwambia kwamba akaunti ilifungwa kwa cheti cha kifo alichokileta yeye mwenyewe kutoka kwenye ofisi ya komini. Alirudi kwa Bwana Valéry. Bwana Valéry akafungua mikono yake yote miwili. Kampuni inamjua Adrien mwenye kufanya kazi, alisema, na benki inamjua Adrien aliyekufa, kwa hiyo hakuna aliyekosea.

Adrien hakuugua malaria, hakuomba nauli, hakusimama saa ya chakula. Wapakiaji wakilalamika kwamba jua ni kali, waliambiwa wamwangalie supervisor wao. Baada ya muda Daphrose aliamriwa apunguze maharage sufuriani. Usiku alisali rozari nzima, na asubuhi akauza vitenge vyake vya harusi, akanunua Fanta na bia, akawaita watu kwa kuganduka.

Walifunga turubai uani, wakakodi viti. Adrien alikaa kati ya wageni na suti yake. Kaka yake mkubwa, Xavier, alisimama akauliza kama desturi inavyotaka:

"Kama kuna mutu mwenye anamudai marehemu, ama mwenye marehemu anamudai, aseme sasa. Tumuachilie aende."

Kwa kawaida hapo watu hunyamaza, na kimya hicho ndicho kinachomfungulia marehemu njia. Bwana Valéry aliinuka, Fanta mkononi.

"Poleni, familia. Sisi kampuni tunamudai. Adrien hajaacha kazi."

"Lakini amekufa, muheshimiwa," alisema Xavier.

"Nasikia. Lakini njia za kuacha kazi ni tatu. Kuna resign, mwenyewe anaandika barua kwamba hataki tena. Hajaandika. Kuna retire, miaka yake haijafika. Kuna kufukuzwa, na sisi hatuna kosa naye, ni mutu muzuri sana. Si ni hivyo, mwalimu?"

Fabrice alitazama viatu vyake. "Ni hizo tatu," alisema.

Daphrose alisimama. Alikuwa amejifunga kitambaa cheupe, tayari kukivua kilio.

"Papa Orlane, andika basi iyo resign. Leo, hapa mbele ya watu. Andika ulale."

Adrien alimgeukia.

"Mi nikiandika, Orlane atasoma na nini?" alisema. "Mushahara utakuja, Mama Orlane. Bwana Valéry alisema uko banki."

Hakuna aliyecheka. Xavier alikaa chini, kwa sababu mtu akidai, marehemu haendi mpaka mdai aridhike, na Bwana Valéry alikuwa ameshaketi anatafuta kifungua chupa. Chakula kilikuwa kimepikwa, basi watu wakala. Daphrose alivua nguo za kilio. Hizo zilikuwa zake, hakuna aliyezidai. Adrien aliwaaga wageni mmoja mmoja akateremka bandarini. Kulikuwa na boti inapakia.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, Daphrose alikwenda kwenye ofisi ya parokia. Scholastique, anayepokea nia za misa, alikuwa na kalamu tayari.

"Marehemu Adrien," alisema. "Niandike apewe pumziko la milele?"

"La milele tuliache kwanza, dada," alisema Daphrose. "Andika wamupe la Jumapili."