Pembe ya Babu Tšiu

'Mè Masebueng alifuta meza kwa pindo la blanketi, akampa mgeni chai, kisha akaweka mezani pembe ya baruti. Jirani yake, Ntate Lekhooa mchongaji, akaweka na yake kando, maana biashara ni biashara.

Ya kwanza ilikuwa ya Tšiu, babu wa ukoo wa marehemu mumewe. Ndiyo aliyoshindilia nayo bunduki yake ya gumegume siku Makaburu walipokuja kuchukua bonde. Wake zake walikimbia nayo hadi ng'ambo hii ya mto Mohokare, wakamwacha kaburini mikono mitupu. Ya pili Lekhooa aliichonga juzi tu, akaifukiza moshi wa samadi na kuichovya katika majani ya chai mpaka ikazeeka.

Kila magharibi Tšiu alikuja kudai pembe yake. Aliketi mlangoni akichuruzika maji, na 'Mè Masebueng akamkingia ndoo. Kuondoka nayo hakuweza. Maiti habebi asichozikwa nacho. Kumpelekea nako hakukuwezekana: ng'ambo, kwenye kaburi lake, kuna seng'enge na mbwa. Kwa hiyo mgeni huyu, Terblanche, mwenye shamba la huko, alipovuka kutafuta pembe ya kupamba sebule, mama wa watu aliona njia.

"Chukua hiyo ya kwanza, Ntate. Nakupa bure. Ifike kwako tu."

Terblanche alinusa midomo ya pembe zote mbili, akapitisha kucha kwenye vizibo. Mjuzi yule. "Hii ndiyo yenyewe," alisema akiinua ya Tšiu, akaichomoa kizibo.

Pembe ikajigeuza mezani, ikaelekea mtoni, ikamwaga baruti. Baruti ikachora zizi, nyumba, njia ya kisimani, makaburi. Terblanche akainama kama mtu anayesoma ramani.

"Hapa sasa ni bwawa langu."

"Ndiyo maana anakuja amelowa."

Terblanche alikoroga sukari. "Tulikuta mifupa tukichimba. Tukaisawazisha." Akafuta kijiji kwa kiganja, akachukua pembe ya Lekhooa. "Hii itatulia ukutani. Wakiniuliza, ni ya kale, sivyo?"

"Ya enzi za Nuhu, Ntate!" Lekhooa alicheka. "Tena umechagua vyema. Hiyo haina ndugu."

Magharibi Tšiu alifika, akaketi mahali pake.

"Ameichukua?"

"Amechukua ya Lekhooa, babu."

Alitikisa kichwa, akakamua blanketi lake. Mwaka ule mvua zilikuwa njema. Mahindi ya Terblanche yalistawi, bwawa likajaa hadi ukingoni, na pale mlangoni ndoo moja haikutosha tena.