Mguu Chini ya Sakafu

Nilikuwa nimelala chali juu ya lundo la viazi, miguu juu kama mende aliyepuliziwa dawa, nyayo zangu zikiisukuma sakafu ya Mzee Dyre Skarbø kutoka chini. Juu ya sakafu hiyo, mahali palepale, zilikuwa zimekaa nyayo zake yeye. Kati yetu palikuwa na ubao mmoja wa msonobari. Juu ya ubao huo ulisimama wimbo mzima, na kama ningekosea hatua moja tu ungekufa alasiri ile, tena mbele ya shahidi aliyetoka Oslo.

Bondeni kwetu hakuna anayeniamini. Mimi ndiye Tarkjell niliyesema nilivua samaki aliyemeza kengele ya kondoo, tukampata kwa kumsikiliza akipita. Hilo nalo ni kweli, ila kengele ilikuwa ndogo. Niliendesha lori la maziwa miaka thelathini na sita, na mtu anayekaa peke yake na makopo ya maziwa lazima ajifunze kujichekesha. Lakini habari ya viazi sikuiongezea chumvi. Yenyewe ilikuwa imekolea.

Kwetu Telemark, kusini mwa Norwe, hatuulizi nani aliutunga wimbo. Tunauliza umepita kwa nani. Mpiga fidla, kabla upinde haujagusa uzi, husema kwanza: huu nimeupata kwa fulani, naye aliupata kwa fulani. Usipotaja, hata ukipiga kama malaika, watu watakutazama kama uliyeingia na viatu vya zizini. Mimi nilitaka jina langu liingie katika mlolongo huo, basi. Mke wangu alilijua hilo, akanisamehe.

Mlolongo niliouonea uchu ulikuwa mfupi kuliko yote. Wimbo uliitwa Barafu ya Hæge. Hauna maneno. Hæge alikuwa mjakazi wa shamba la Skarbø zamani za babu zetu, akausikia ziwani siku maji yalipoganda kwa mara ya kwanza majira yale, barafu ilipokuwa ikijinyoosha na kulia kutoka ukingo hadi ukingo. Akampa Ingerid, mamake Dyre. Ingerid akampa Dyre. Baada ya Dyre hapakuwa na mtu.

Miaka tisa nilipanda Skarbø kila Jumamosi, makopo yakiwa matupu, fidla yangu ya kujifundishia imefungwa kwenye blanketi. Miaka tisa Mzee Dyre alinisikiliza huku amefumba macho kama mtu anayeng'olewa jino.

"Mguu wako ni wa mpiga fidla," aliniambia mwaka wa nne. "Mguu wa ajabu kabisa, sijauona mfano wake. Bahati mbaya umeunganishwa na mikono ya mkamua ng'ombe."

"Sasa nifanyeje, Mzee?"

"Kamua."

Mkewe, Bibi Svanaug, alicheka hadi akakaa chini. Kisha akanipa mkate mwembamba na jibini ya kahawia, kama anayempa kondoo chumvi ili arudi tena.

Huo mguu hauwezi kupuuzwa. Wimbo wetu wa kucheza una hatua tatu, na hazilingani. Ya kwanza ndefu, ya pili kiasi, ya tatu fupi kama mtu aliyejikwaa kizingitini akajifanya hakujikwaa. Hakuna saa inayoweza kuzipima. Mguu ndio unaojua. Mikono inaufuata mguu, na nyuzi zinaifuata mikono. Fidla yetu tena ina nyuzi za ziada zilizopita chini ya zile zinazopigwa, ambazo hakuna anayezigusa. Zinalia zenyewe, kwa kuwasikia wenzao wa juu.

Na Barafu ya Hæge ilikuwa na tabia mbaya. Mpigaji akishaingia ndani yake hatoki mwenyewe. Sharti mtu amnyang'anye fidla. Kazi hiyo ilikuwa ya Bibi Svanaug, miaka arobaini na mitatu ya ndoa. Aliniambia kwamba mara moja tu alichelewa, kwa sababu ya uji uliokuwa ukifurika jikoni, na aliporudi alimkuta mumewe analia na upinde hauna hata unywele mmoja.

Mwaka 1953, mwezi wa tisa, kidole cha tatu cha mkono wa kushoto wa Mzee Dyre kilikuwa kimeanza kugoma. Daktari alisema ifikapo Krismasi mkono hautafumba tena. Ndipo watu wa redio wakamtuma Bwana Preben Holtermann, mtu mpole mwenye tai ya kipepeo, na mashine ya kurekodi yenye uzito wa mtamba. Skarbø hapakuwa na umeme, wala gari haliwezi kufika. Betri tatu nilizibeba mimi mgongoni toka barabarani, nikijiambia kwamba hata mbeba betri ni mtu katika mlolongo.

Mzee Dyre alivaa koti la kanisani. Akakaza upinde, akataja majina, akaanza. Bwana Holtermann akainua mkono.

"Samahani, Mzee. Kuna kishindo."

"Kishindo gani?"

"Mguu wako wa kulia. Unagonga sakafu."

"Haugongi. Unapiga fidla."

"Mshale wa mashine unaruka hadi mwisho, Mzee. Utepe unajaa kishindo, muziki unazama. Nikiupeleka hivyo wataufuta."

Ikaletwa ngozi ya kondoo, akatandikiwa. Akaombwa avue viatu. Mzee wa miaka themanini na mmoja akakaa katika koti la kanisani na soksi za sufu, akaambiwa atulize mguu. Akatii. Akaanza tena, na katika mzunguko wa pili akapotea.

Huenda hamwelewi uzito wa hilo. Mimi sikuwahi kumsikia akipotea. Ilikuwa kama kumwona baba yako anasahau jina lako. Akarudia, akapotea palepale. Akarudia mara ya nne, mara ya tano. Betri ya kwanza ikafa, ya pili ikafuata. Bibi Svanaug alisimama mlangoni ameshika birika la kahawa, hamimini, haondoki.

"Imebaki moja," Bwana Holtermann alisema, jasho likimtoka. Hakuwa mtu mbaya. "Robo saa, labda pungufu. Ninaweza kurudi mwakani."

Mzee Dyre akautazama mkono wake wa kushoto. Kisha akaanza kulegeza upinde. Kwetu mtu akilegeza upinde, shughuli imekwisha. Alizungusha skrubu ya mwisho wa upinde mara moja, akaizungusha tena. Hapo akasita. Akanitazama.

"Tarkjell. Viazi vya mwaka huu umeviona?"

"Viazi gani, Mzee?"

"Viko hapa chini, kwenye ghala. Shuka ukavitazame. Hasa vile vilivyo chini ya kiti changu."

Bibi Svanaug ndiye aliyeelewa kwanza. Aliweka birika chini, akanishika mkono wa shati, akanivuta hadi jikoni kwenye mlango wa sakafuni.

"Na uvue viatu," Mzee alipaza sauti nyuma yangu. "Utavichafua viazi vyangu!"

Nilipokuwa nateremka ngazi nilimsikia akimwambia Bwana Holtermann aiondoe ile ngozi ya kondoo. Alisema inamtekenya.

Ghalani palikuwa na giza lenye harufu ya udongo, na mistari ya mwanga ikipenya kati ya mbao. Nikaona ubao mmoja uliolegea kwa uzito wa mtu. Nikajilaza, nikapandisha miguu, nikagandamiza nyayo zangu pale. Upande wa pili nao ukanigandamiza mara moja, polepole, kama mtu anayebisha hodi kwa adabu. Kisha nikasikia upinde ukikazwa upya, halafu sauti yake.

"Huu ni Barafu ya Hæge. Nimeupata kwa mama yangu, Ingerid. Yeye aliupata kwa Hæge. Hæge aliupata ziwani."

Alikuwa ananingoja mimi.

Nikatoa hatua ya kwanza. Sikupiga. Niliusukuma ubao tu, kwa unyayo mzima, ndefu, kisha kiasi, kisha fupi. Na juu yangu barafu ikaanza.

Nimejaribu miaka arobaini na sita kulisema hili na kila mara maneno yananiangukia miguuni. Sikuusikia kwa masikio. Uliingia kwa nyayo, ukashuka mifupa ya miundi, ukapita magotini, ukajaa kwenye uti wa mgongo. Zile nyuzi za chini, zinazolia bila kuguswa, nilizijua ndani ya meno yangu. Niliona ziwa likifunga. Niliona mstari mweupe ukikimbia kutoka ukingo mmoja, ukiita, na ukingo wa pili ukiitika kabla haujafikiwa. Miaka tisa nilikuwa nimeutafuta wimbo ule kwa vidole, kama anayepapasa mlango gizani, na kumbe nilikuwa nimesimama ndani ya nyumba. Viazi vilitetemeka chini ya mgongo wangu. Wiki ile ile vilichipua vyote, magunia kumi na moja, katikati ya mwezi wa tisa. Bibi Svanaug ni shahidi, ingawa amekufa.

Mzee Dyre hakupotea. Alipita mzunguko wa pili kama mtu anayepita mlango wa kwake. Akapita wa tatu, wa nne. Kufikia wa tano sikujua tena nani anamfuata nani. Niliogopa. Sikumwogopa mtu, wala sikuogopa kukosea. Niliogopa kama unavyoogopa unapoinua macho usiku wa baridi kali ukakuta mbingu zinawaka kijani, kama zifanyavyo huku kaskazini, nawe uko peke yako na makopo ya maziwa.

Huko juu Bibi Svanaug alimnyang'anya mumewe fidla. Hilo niliambiwa baadaye. Mimi sikujua, kwa kuwa wimbo ulikuwa bado unaendelea ndani yangu, na mimi sikuwa na mtu wa kuninyang'anya mguu. Nikaendelea. Ndefu, kiasi, fupi. Ndefu, kiasi, fupi. Mpaka nikasikia mkono wa baridi umenishika kifundo, kama anavyoshikwa mtoto anayeweweseka.

"Basi, mwanangu," Bibi Svanaug alisema gizani. "Umeshafika."

Nilipopanda, Bwana Holtermann alikuwa akikunja nyaya, uso umemng'aa.

"Safi kabisa! Unaona, Mzee? Hata huo mguu hauhitajiki."

Mzee Dyre akaomba kahawa.

Mimi aliniambia neno moja tu, mlangoni, nilipoinama kuzibeba betri. Aliniondolea udongo mgongoni kwa kiganja, taratibu, akasema, "Mikono bado ni ya kukamulia." Lakini kiganja hakikutoka mgongoni upesi.

Krismasi mkono haukufumba. Kabla ya majira ya majani kuchipua tulimzika.

Utepe ule umekuwa maarufu. Redio huupiga, na mtangazaji husifu usafi wake, fidla tupu bila mguu. Katika daftari la hifadhi wameandika: "Mwishoni kuna vishindo hafifu. Huenda ni ng'ombe." Hilo la ng'ombe lilinifikia kupitia mpwa wangu. Nimesimulia ukweli wake dukani, kanisani, kwa daktari wa meno. Wananipigapiga begani na kuniuliza habari za samaki.

Basi mwaka huu wa tisini na tisa, mwezi wa kumi, akaja msichana mmoja, Åshild Bratterud, anayesomea fidla. Alikaa jikoni kwangu, akakataa sukari, akatoa kaseti.

"Mzee Tarkjell, pale Skarbø walikuwa wanafuga ng'ombe ndani ya nyumba?"

"Aa, wapi! Kwa nini?"

"Maana ng'ombe huyu wa mwishoni amepiga mara sita. Nimezisikiliza mpaka kaseti imechakaa. Ndefu, kiasi, fupi. Ndefu, kiasi, fupi." Alizigonga mezani kwa kidole. "Mimi nimesoma miaka mitano na sijaweza kuzipiga hivyo. Nataka kumjua huyo ng'ombe."

Nilimwonyesha miguu yangu chini ya meza, kisha nikamsimulia yote, kuanzia viazi.

Jumamosi iliyopita alipiga kwenye ukumbi wa kijiji. Nilikaa mstari wa mbele, kwa ajili ya masikio yangu ya uzee. Alikataa kupanda jukwaani. Aliomba kiti kishushwe, kikawekwa sakafuni, hatua mbili kutoka kwangu, kwenye mbao zilezile zilizokuwa chini ya miguu yangu mimi. Akasimama, akataja majina.

"Huu ni Barafu ya Hæge. Nimeupata kwa Dyre Skarbø, kwenye utepe. Yeye kwa mama yake, Ingerid. Ingerid kwa Hæge."

Langu halikuwemo. Sitasema halikuniuma.

Akakaa. Akaweka fidla kifuani. Kisha akainama, akavua viatu, akavipanga chini ya kiti, akatandaza nyayo zake za soksi juu ya ubao, akainua upinde. Hakuanza. Watu walikohoa. Mtu nyuma akanong'ona labda amesahau. Alikuwa ananitazama mimi, ametulia.

Mgongo wangu siku hizi haupindi vizuri. Nilichukua muda kufungua kamba za viatu, na ukumbi mzima ukangoja. Sikuwa na haraka. Kwetu hatua ya kwanza ni ndefu.