Pigo Lisiloandikwa

Mwalimu Benjamini alikuwa amecheza gofu Tabora kwa miaka thelathini na mmoja, na katika muda wote huo hakuna aliyewahi kuikagua kadi yake ya mapigo. Za wengine zilihesabiwa mara mbili, tena wakati mwingine kwa kelele. Ya mwalimu ilipokelewa, ikawekwa mezani, basi. Alikuwa akifundisha hisabati sekondari, aliimba besi kwenye kwaya ya kanisa la Moravian, na hata majirani zake wa mtaa wa Cheyo ambao hawakujua gofu ni mchezo wa namna gani walijua kwamba yule mzee hadanganyi.

Uwanja wenyewe ni wa watu wote. Hauna ukuta wala geti. Njia ya zamani ya misafara inaukata katikati, na mpaka leo wenye baiskeli wanaopeleka mkaa mjini hupita humo humo; mchezaji husubiri mkaa upite ndipo apige. Septemba ikifika majani yamekwisha, imebaki ardhi nyekundu ngumu ambayo mpira ukidondoka unaruka kama umetupwa kwenye saruji. Kuzunguka kila shimo hakuna nyasi laini zile za kwenye televisheni, ila duara la mchanga uliochanganywa na oili chafu ya magari, ambalo wachezaji huliita brauni. Pembeni kote ni msitu wa miombo, na vichuguu vilivyopita kimo cha mtu. Mashimo ni tisa, yanazungukwa mara mbili yatimie kumi na nane. Wageni kutoka Dar huja na fimbo za bei mbaya, na wakimaliza wamepoteza mipira kumi pamoja na hamu ya kurudi.

Jumamosi ile klabu ilikuwa inamtafuta mtu mmoja wa kuiwakilisha Tabora kwenye mashindano ya Morogoro. Benjamini alikuwa na miaka hamsini na tisa, na goti la kushoto lilikuwa limeanza kumsumbua. Hakuwahi kutoka nje ya mkoa na fimbo zake hata mara moja. Kila mwaka alikuwa wa pili, au wa tatu. Mwakani anastaafu na kurudi shambani kwao Goweko, na yeye mwenyewe alijua kwamba kama si safari hii, haitakuwapo nyingine.

Alipangwa na Nihal, binti wa mzee Ridhaa muuza vipuri. Nihal alikuwa na miaka ishirini na saba na duka lake la dawa karibu na soko. Benjamini ndiye aliyemfundisha kushika fimbo alipokuwa mwanafunzi wake wa kidato cha kwanza. Kwa taratibu za mchezo, kila mmoja huandika kadi ya mwenzake: Nihal aliandika mapigo ya mwalimu, mwalimu akaandika ya Nihal, na mwisho wote wawili hutia sahihi kwamba kilichoandikwa ni kweli. Mwenye mapigo machache ndiye mshindi.

Mpaka shimo la kumi na mbili walikuwa sawa kwa sawa.

Shimo la kumi na tatu mpira wa Benjamini ulikwenda kulia, ukaingia miombo. Aliukuta umebana kwenye mguu wa kichuguu, katikati ya mizizi miwili. Hapakuwa na nafasi ya kuinua fimbo. Angeweza kuutoa kwa kukubali pigo moja la adhabu, au kubahatisha hapo hapo na pengine kuvunja fimbo. Akatazama nyuma. Nihal alikuwa amekwenda upande wa pili kuufuata mpira wake, na kichuguu kilikuwa kimesimama katikati yao.

Baadaye alijaribu mara nyingi kukumbuka alikuwa akiwaza nini, akaona hakuwa akiwaza chochote. Mguu wake wa kulia ulitoka, ukausogeza mpira shubiri mbili, ukakaa mahali peupe. Kisha akapiga, na lilikuwa pigo zuri kuliko yote ya siku ile.

Walipoutoa mpira shimoni Nihal alishika kalamu. "Tano, mwalimu?"

Alikuwa na muda wa kusema. Nihal hakuwa na haraka. Alisimama pale na kalamu mkononi, upepo ukichezea ncha ya mtandio wake.

"Tano," alisema Benjamini.

Walipokuwa wakielekea shimo la kumi na nne alitembea mbele, asije akatazamana na Nihal. Alijiambia atasema wakifika. Walipofika Nihal alikuwa anafunga kamba ya kiatu, akaona si wakati mzuri. Kisha akajiambia: kama pigo moja nimeliiba, nitalirudisha. Nitapoteza moja makusudi, tutakuwa sawa, na hakuna atakayeumia. Akageuza mabega kidogo, akaupiga mpira moja kwa moja kuelekea msituni.

Mpira uligonga shina la mninga, ukarudi, ukatua katikati ya uwanja, mbele kuliko ambako angeupeleka kwa akili zake zote.

"Leo Mungu ni mwanachama wa klabu," alisema Nihal. Lakini hakucheka.

Shimo la kumi na sita alijaribu tena. Alikuwa juu ya brauni, hatua nne tu kutoka shimoni, akaupiga mpira kwa nguvu ili upitilize. Ulikwenda kwa kasi, ukagonga kijiti cha bendera iliyochomekwa shimoni, ukaruka juu kidogo na kutumbukia. Benjamini alibaki ameinama, fimbo mkononi, akiitazama ile bendera inavyotikisika. La kumi na saba Nihal akaupoteza mpira wake kichakani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwenye shimo lile. Walitafuta wote wawili, wakipangua nyasi kavu kwa fimbo, na Benjamini alitafuta kwa bidii kuliko mwenye mpira. Aliomba kimya kimya uonekane. Haukuonekana.

Bado alikuwa na nafasi. Mpaka kadi itiwe sahihi, mchezaji anaweza kusema niongezee pigo langu la adhabu, na mambo yakaisha kwa heshima. Alilijua hilo kuliko mtu yeyote pale, kwani ndiye aliyewafundisha wengine kanuni. Alipanga maneno. Lakini walipotokeza kwenye shimo la kumi na nane aliona vitenge vya rangi moja mbele ya kibanda cha klabu. Mkewe Recheli, ambaye kwa miaka thelathini na mmoja hakuwahi kuja kumtazama akicheza, alikuwa amekuja, na amekuja na akina mama saba wa kwaya.

"Tumesikia unashinda!" alipaza sauti Recheli, na wenzake wakapiga vigelegele kabla mpira haujaingia.

Uliingia. Alikuwa amewashinda wote. Nihal alifuata kwa mapigo manne nyuma, na Octavian, fundi wa reli aliyemaliza mapema, alikuwa wa tatu. Nahodha wa klabu, Mama Dafrosa, muuguzi mstaafu mwenye sauti ya kuamuru wodi nzima, aliwasogezea kadi. Nihal alitia sahihi bila kuinua macho. Benjamini akatia ya kwake. Mwandiko ulitoka ule ule mzuri wa ubaoni.

Jumapili kanisani walimsimamisha. Mchungaji alisema vijana wamtazame mtu huyu, aliyesubiri miaka yote bila njia za mkato. Watu walipiga makofi. Benjamini alisimama kati ya mabenchi, mikono ameishusha pembeni, akiona milango yote miwili ya kanisa iko wazi na hakuna hata mmoja anaoweza kutoka nao. Usiku Recheli alishusha sanduku kutoka juu ya kabati akaanza kulifuta vumbi.

Jumatatu asubuhi aliomba ruhusa shuleni, akaenda duka la dawa. Nihal alikuwa peke yake, anapanga maboksi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Nihal, nina neno. Lile shimo la kumi na tatu..."

"Nilikuona," alisema Nihal.

Aliweka boksi chini. "Kichuguu hakikukuziba miguu. Niliona kiatu chako kinausogeza mpira. Nikasema, atasema mwenyewe. Kumi na nne nikasubiri. Kumi na tano nikasubiri. Unadhani mpira wangu niliupotezaje? Nilikuwa nakutazama wewe."

"Kwa nini uliandika tano?"

"Ningekwambiaje? Wewe? Nianzie wapi, mwalimu?" Aliliinua boksi, akalirudisha chini. "Na sasa nimetia sahihi. Ukienda kusema, watauliza nani aliandika. Baba aliniambia nicheze nitakavyo mpaka siku jina langu litakapotajwa vibaya pale uwanjani. Siku hiyo, fimbo zinauzwa. Kwa hiyo panda treni, nenda Morogoro, ucheze, urudi. Usiniletee hayo mambo hapa."

Benjamini alitoka akasimama kwenye jua. Alikuja akidhani ana mlango mmoja uliobaki, akakuta Nihal ndiye amesimama nyuma ya mlango huo. Akinyamaza, atabaki na uongo. Akisema, atamvunja binti wa watu ambaye kosa lake lilikuwa kumheshimu. Alitembea mpaka stesheni bila sababu, akarudi, akapita soko mara mbili. Saa tano alikuwa barazani kwa Mama Dafrosa.

"Mwangaluka, bingwa," alimsalimu Mama Dafrosa kwa Kinyamwezi. "Suti ya safari tu ndiyo imebaki nikushonee?"

Benjamini hakucheka. Alimwambia aliusogeza mpira kwa mguu. Kisha akaongeza, kwa uso mkavu, kwamba Nihal hakuweza kuona. Kichuguu kilikuwa kimemziba kabisa.

Mama Dafrosa alivua miwani. Alimfuata jogoo kwa macho mpaka akashuka barazani. "Wewe," alisema. "Wewe, Benjamini." Halafu akawa nahodha tena: "Umeondolewa. Nihal ni wa pili, basi ndiye bingwa. Nitampigia simu sasa hivi."

Njia nzima ya kurudi nyumbani Benjamini alijiona mtu mwema. Aliona amejitwika mzigo wote peke yake na kumwacha binti mahali pa salama. Hisia hiyo ilidumu mpaka alipofika kona ya nyumbani kwake na kumkuta Nihal ameegemea pikipiki yake, bado amevaa koti jeupe la dukani.

"Umenifunga, mwalimu."

"Nimekutoa. Nimesema hukuona."

"Nani alikuomba?" Watoto waliokuwa wakicheza karibu waligeuka kutazama. "Ulikuwa umefungwa peke yako, sasa umenifunga na mimi. Niende Morogoro nikashike kikombe mkononi, na mimi ndiye niliyeandika tano? Na nikisema kweli, wewe utaonekana umedanganya mara ya pili. Umefikiria hilo?"

Hakuwa amelifikiria. Alisema hivyo: "Sikulifikiria."

"Mimi nakwenda kwake," alisema Nihal. "Baba auze hizo fimbo. Unakuja au huji?"

Alipanda nyuma ya pikipiki. Katika miaka yote hakuwahi kupanda pikipiki ya mwanafunzi wake. Alishika chuma cha nyuma kwa mikono miwili, goti likimuuma kila walipopita shimo la barabarani. Mama Dafrosa alipowaona wakiingia pamoja alivuta viti viwili bila kuuliza, kama mtu aliyezoea wagonjwa wanaorudi na ukweli baada ya dawa ya kwanza kushindwa.

Nihal alisema ya kwake, maneno machache. Benjamini akasema kwamba aliongopa asubuhi ile ile, kwenye kiti kile kile.

Hukumu ilikuwa fupi. Yeye asicheze mwaka mzima. Nihal miezi mitatu. Octavian atakwenda Morogoro. Mama Dafrosa alimpigia mbele yao. Octavian alikuwa chini ya behewa, akadhani ni utani, akakata simu, ikabidi apigiwe tena.

Nje Nihal aliwasha pikipiki.

"Nikaonane na mzee Ridhaa," alisema Benjamini. "Nimweleze mwenyewe."

"Utakuja. Lakini si leo." Hakuaga. Benjamini alimtazama mpaka vumbi likatua, akajua kwamba shikamoo yake itachukua muda kurudi, na pengine haitarudi ilivyokuwa.

Alirudi Cheyo kwa miguu. Recheli alikuwa chumbani, sanduku limefunguliwa juu ya kitanda, anapanga mashati aliyoyapiga pasi. Benjamini alikaa ukingoni mwa kitanda akamweleza yote kuanzia ule mguu. Hakuruka kitu. Alipofika kwenye vigelegele vya akina mama wa kwaya, Recheli alikaa chini naye.

"Nilikuja na watu wakuone," alisema.

"Najua."

"Miaka thelathini, siku moja niliyokuja." Alilishika shati lililokuwa karibu, akalikunjua, akalikunja upya bila kuliangalia. "Nani mwingine anajua?"

"Mama Dafrosa. Octavian. Jioni utajua mji mzima."

Recheli aliliweka shati juu ya mengine. Benjamini alingoja, na kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi alijiona mwepesi kidogo, hana neno lililobaki la kuficha. Haikuwa furaha. Alikuwa ameaibika, na kesho atasimama mbele ya darasa la watoto arobaini ambao watakuwa wameshasikia.

Mkewe alisimama, akaanza kuyarudisha mashati kabatini, moja baada ya jingine.

"Basi nikapike mapema," alisema. "Watu watakuja kuuliza, na hatuwezi kuwajibu wakiwa na njaa. Niletee kuni."

Benjamini alivua viatu vya safari alivyokuwa amevivaa tangu asubuhi, akavaa ndala, akaenda uani kuchanja kuni. Kabla hajamaliza gogo la kwanza, mtu wa kwanza alikuwa ameshabisha hodi.